Wimbo wa Kwanza Nyuma ya Pazia

3 Aprili, Jumatatu

Kurasa za mwisho za daftari langu la Jiografia zimebaki tupu, na shule ndiyo imekwisha. Basi nitaandika humu mpaka matokeo ya mtihani yatoke.

Leo nimeanza kazi kwa Shangazi. Mama amesema heri nikae mbele ya cherehani kuliko kulala chali nikihesabu mabati. Duka ni chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na sanamu la nguo lisilo na kichwa. Nimeingia mvua ikiwa imeshika paa. Nikamwamkia. Hakusikia. Nikarudia.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Mvua inakumeza."

Fundi viatu anayekaa kibarazani mwetu akauliza kama binti ana ulimi au ameuacha nyumbani. Jioni alikuwa ameshanibatiza. Ananiita Redio.

5 Aprili, Jumatano

Mvua. Nimetia uzi kwenye sindano kutwa. "Hiyo kazi ya watoto, fanya wewe," anasema Shangazi, na kunisogezea.

6 Aprili, Alhamisi

Leo nina habari.

Amekuja meneja wa ule ukumbi uliokuwa sinema zamani. Wameukarabati, sasa utakuwa wa muziki. Anataka pazia la jukwaa, la mahameli, rangi ya buluu iliyoiva, litundikwe kabla ya tarehe ishirini na tisa.

"Kuna nini tarehe hiyo?" Shangazi akauliza.

"Onyesho la kwanza. Bendi moja ya vijana. Wanaitwa Usingizi Mwepesi."

Nikaangusha kopo la pini. Zote.

Nimewasikiliza Usingizi Mwepesi tangu kidato cha tatu, mimi na rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka yote ya sekondari. Nilikuwa namwita Dawati, naye ananiita hivyo hivyo. Alikuwa na spika za masikioni zilizokufa upande mmoja, tukawa tunapokezana ule mzima. Muziki wao ni wa polepole, gitaa linasikika kama liko chumba cha pili, na mwimbaji, msichana, anaimba kama mtu anayejisemea wakati anakunja nguo. Sijui kwa nini unaniingia hivyo. Labda kwa sababu hapigi kelele na bado watu wanamsikiliza.

Meneja akaeleza kwamba bendi hiyo ina desturi yake. Wimbo wa kwanza wanauimba pazia likiwa limefungwa. Sauti inatoka nyuma, taa zinacheza juu ya kitambaa, hakuna anayeonekana. "Kwa hiyo, mama, wimbo mzima watu hawatakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa kazi yako."

"Na ikiwa mbovu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ametuahidi na tiketi mbili. Alipoondoka Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Bendi inaitwa Usingizi! Sasa wateja wao wanakuja na mito?"

Nilikuwa naokota pini. Nikasema wanaimba vizuri. Sidhani kama alisikia.

8 Aprili, Jumamosi

Asubuhi Shangazi amelikaribisha sanamu la nguo. Nilikuwa nimelivika koti la mteja. Akaingia kutoka uani, akasema, "Karibu mama, keti, samahani kwa kukusimamisha." Halafu akaligusa begani. Halafu akacheka kwa nguvu, akasema alikuwa ananipima kama nina macho.

Nimecheka pia. Lakini jana nilimwona akimimina chai huku ameinamisha sikio kwenye kikombe, anasikiliza kikijaa.

11 Aprili, Jumanne

Mahameli yamefika. Nimefundishwa.

Mahameli yana manyoya, na manyoya yana njia yake. "Umewahi kumpapasa paka?" Shangazi akauliza. "Ukienda upande wa mkia, anatulia. Ukirudi upande wa kichwa, anakutazama vibaya." Akachukua mkono wangu, akanipitishia mgongo wa vidole juu ya kitambaa. Chini, laini. Juu, kinakataa. "Vipande vyote vilale chini. Kimoja kikisimama, mchana huwezi kukijua, lakini taa ikikipiga kinakuwa cheusi peke yake. Taa ni mbea, mwanangu. Itakisema mbele za watu."

Yeye haangalii kabisa. Anapapasa tu, kisha anachora mshale wa chaki nyuma ya kipande kuonyesha chini ni wapi. Mkasi wake mkubwa hagusi mtu. Hata Mama, wifi yake, aliwahi kuugusa akaambiwa auweke chini polepole kama bunduki.

12 Aprili, Jumatano

Sindano ya cherehani imemchoma Shangazi. Imepita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikakatikia humo humo. Alikuwa ameinama mno, pua karibu iguse chuma. Fundi viatu ndiye aliyeichomoa kwa koleo lake, huku anamwambia, "Kaza meno, usinikazie mimi." Zahanati wamemfunga bendeji nene vidole vitatu, eti asivitumie.

"Ni huu umeme," akasema. "Unapungua pungua."

Umeme haukupungua. Nilikuwepo. Ninaandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kulisema: Shangazi haoni vizuri. Nadhani anajua. Nadhani anaogopa kwamba siku atakayolisema ndiyo siku atakayokuwa si fundi tena. Hana mume wala mtoto. Ana duka, na jina alilolijenga kwa miaka mingi: peleka kwa yule mama, hakosei.

15 Aprili, Jumamosi

Amekata leo. Nilimwomba asubiri kidole kipone, akasema ishirini na tisa haingoji kidole.

Bendeji ile haimruhusu kuhisi kitu. Alijaribu mkono wa kushoto, akasema mkono wa kushoto ni mgeni, haujui nyumba. Basi akawa anafuata mishale ya chaki kwa macho, kichwa karibu na meza. Kipande kimoja alikigeuza, akakigeuza tena, akakiweka. Nilikuwa upande wa pili wa meza. Niliona mshale kama unatazama juu.

"Shangazi," nikasema.

"Nini? Paza sauti, mvua inakumeza."

Akainua uso. Alikuwa amechoka, bendeji imechafuka kwa chaki. Nikasema, "Chai yako imepoa."

16 Aprili, Jumapili

Labda niliona vibaya. Meza ina kivuli upande ule.

19 Aprili, Jumatano

Tunashona. Mvua. Tunashona.

20 Aprili, Alhamisi

Dawati amepiga simu. Yuko chuoni tayari, kozi ya miezi sita ya hoteli, na ana kicheko kipya, kirefu. Wamepanga kundi la watu wanane, watasimama mbele kabisa chini ya jukwaa. "Njoo usimame na sisi! Au bado unajificha nyuma ya mlango?" Wale wengine wakacheka huko kwa nyuma. Nikasema nitakuja. Baada ya kukata simu nikakaa na hasira ya kijinga, kwa sababu kweli huwa ninajificha nyuma ya mlango.

24 Aprili, Jumatatu

Pazia limekwisha. Limelala sakafuni kama ndama aliyeshiba. Haliwezi kufunguliwa hapa, lenyewe ni kubwa kuliko duka. Shangazi amelipitia mshono kwa mshono kwa vidole viwili vilivyo huru. Mishono imenyooka kama rula. Siwezi kusema mishono haikunyooka.

26 Aprili, Jumatano

Limetundikwa. Ukumbi ulikuwa na taa nyeupe za kawaida za mafundi, vumbi la rangi hewani, na pazia likaonekana bahari ya buluu moja. Meneja alimpa Shangazi mikono yote miwili. Nikapumua. Kumbe ni kivuli cha meza.

28 Aprili, Ijumaa

Si kivuli cha meza.

Tulikwenda mchana kuchukua tiketi. Mwanamke anayesimamia taa alikuwa anazijaribu. Wote pale wanamwita Swichi. Ana funguo nyingi kiunoni na anatembea kwa kelele zake. "Nyinyi ndio mafundi wa pazia? Simameni hapo katikati, mlione likivaa taa."

Akazima ukumbi. Kisha taa ikatoka upande, ya zambarau, polepole, ikateleza juu ya mahameli. Ilikuwa nzuri hivi kwamba nilisahau kufunga mdomo. Ikapita kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ikafika cha nne upande wa kulia, ikazama. Kipande kizima, toka juu hadi sakafuni, kilikuwa cheusi kama pengo la jino.

Swichi akairudisha taa. Ikazama palepale.

Shangazi alikuwa amesimama kando yangu, uso wake umeelekea jukwaani, anatabasamu. "Mnaonaje?" akasema. "Limetulia, sivyo?"

Swichi akashusha mkono kutoka kwenye taa. Akanitazama mimi. Sijui alielewa vipi, lakini alielewa, na akaniachia. Ukumbi ulikuwa kimya, hata mvua haikusikika, kuta zile ni nene. Hapakuwa na kitu cha kunimeza.

"Shangazi," nikasema, "kipande kimoja kimesimama."

"Kipi kimesimama?"

"Manyoya. Cha nne, kulia. Kinaonekana cheusi."

"Hakuna kitu kama hicho."

"Kipo."

"Wewe umejifunza mahameli juzi!" Sauti yake ikapanda, ikarudi kutoka kwenye kuta. "Juzi! Unanifundisha mimi?"

Nilitaka sakafu inipokee. Lakini nikaona jinsi anavyolitafuta pazia kwa macho, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na hasira yake ikanitoka moyoni, nikabaki na yeye mwenyewe tu. Nikamshika mkono. Tukapanda ngazi za jukwaa, nikimwambia, ngazi, ngazi nyingine, waya hapo. Nikamweka mbele ya kipande cha nne.

Akavuta bendeji kwa meno. Kidole chini yake kilikuwa cheupe, kimekunjamana. Akakipitisha juu ya kipande cha tatu, kuelekea chini. Akakipitisha juu ya cha nne.

Akarudia cha tatu, akarudia cha nne.

"Kimesimama," akasema.

Kisha, bila kugeuka: "Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku siku ile ya kukata. Nikakwambia chai imepoa."

"Nakumbuka." Akakunja bendeji, akaitia mfukoni. "Ilikuwa ya moto ile chai. Nikajiuliza mtoto huyu ana nini."

Mlangoni kwake akasema, "Kesho alfajiri. Lete na nyembe za kufumulia."

30 Aprili, Jumapili

Haya ni ya jana yote. Jana sikuandika.

Fundi viatu alileta cherehani hadi ukumbini kwa mkokoteni wake, ameifunika kwa koti lake la mvua mwenyewe amelowa chapa chapa. "Nikifa kwa homa," akamwambia Shangazi, "unishonee sanda isiyosimama manyoya." Niliogopa. Shangazi akamtazama, au akatazama pale sauti ilipotoka, halafu akaangua kicheko. Tangu hapo kazi ikawezekana.

Swichi alishusha upande wote wa kulia. Tukautandaza jukwaani. Kazi ilikuwa hivi: kufumua mishono miwili mirefu, kufumua upindo wa chini na utepe wa juu wenye pete za kutundikia, kukigeuza kipande miguu juu, kushona vyote upya. Mimi nilifumua. Shangazi alikaa sakafuni amekunja miguu, kitambaa kikipita mapajani mwake, akipapasa kila shubiri kabla hajaniruhusu kubana pini. Penye nyuzi za zamani zilizong'ang'ania nilihitaji kukata. Nikaomba mkasi mdogo.

Akanisogezea ule mkubwa. Mzito kuliko nilivyodhani.

Kushona nilishona mimi. Yeye aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye mishono ya mwanzo, kisha akauondoa. "Nenda. Usikimbie. Nasikia cherehani ikikimbia." Aliposikia mlio umebadilika alisema simama, na kweli uzi ulikuwa umejikunja chini. Mchana bendi ilikuja kujaribu vyombo. Nilikuwa nimeinama, sikuinua uso, na yule mwimbaji alipita hatua chache tu kutoka kwangu. Alivaa soksi tupu, viatu mkononi, ili asikanyage mahameli kwa matope. Akasema, "Poleni na kazi." Nikajibu, "Asante, tumeshapoa." Mimi! Dawati hataamini.

Pazia likapanda tena jioni ikiingia. Swichi akazima, akaleta taa. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Nikamwambia Shangazi, "Imepita."

"Haikuzama?"

"Haikuzama."

Akatoa khanga, akajifuta uso, kwa sababu ya jasho.

Tiketi ya pili nilikuwa nimepanga kumpa Mama. Mama akasema mpe mwenye pazia. Shangazi akagoma, eti wazee wanakwenda kwenye muziki wa watoto kutafuta nini. Lakini alikuwa ameshasuka nywele. Tukapewa viti vya nyuma kabisa, karibu na meza ya Swichi. Vijana wakajaa, koti za mvua zinatoa mvuke, ukumbi unanuka nywele mbichi. Mbele niliwaona kina Dawati wanane wanapunga mikono. Nikapunga. Sikwenda.

Taa zikazimwa. Watu wakatulia wenyewe, bila kuambiwa.

Sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia letu. Bila gitaa mwanzoni, sauti tu. Buluu ikawaka ukingoni, ikatembea kidogo kidogo, ikawa zambarau, ikarudi buluu. Hakuna aliyeona mwimbaji. Mamia ya watu wenye macho mazima na hakuna aliyeona kitu, wote tunasikiliza tu. Nikamgeukia Shangazi. Amefumba macho. Kidole chake kilichochomwa kilikuwa kinakwenda juu ya goti, kuelekea chini, chini, chini, kama anampapasa paka. Kwa wimbo mzima tulikuwa sawasawa, yeye na ukumbi wote.

Wimbo ukaisha, pazia likafunguka, watu wakapiga yowe. Na yeye akafumbua macho, akanikamata mkono.

"Sasa nini? Kuna nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananiambia. Hakusema sioni. Alisema kuna nini.

Miaka miwili nimeota usiku huo. Katika ndoto yangu ninasimama gizani, sisemi neno, na muziki unanipita kama maji. Nikainama kwenye sikio la Shangazi, nikaanza. Nikamwambia mwimbaji ni mdogo, amevaa gauni kubwa kama la dada yake, na bado hana viatu. Nikamwambia mpiga gitaa amekaa juu ya spika anatazama chini, kama mtoto anayesubiri mama amalize kuongea njiani. Kinanda kinapigwa na jamaa mrefu, magoti yamefika mezani. Moshi mwepesi unatambaa sakafuni, taa ikiupiga unakuwa maziwa. "Na gauni, limeshonwaje?" akauliza. "Bega la kushoto linavuta." "Nilijua! Nasikia anavyovuta pumzi, limembana." Tukacheka kwenye wimbo wa huzuni, mtu akageuka, sikujali.

Nilipitwa na maneno ya nyimbo ninazozijua kwa moyo. Nilikuwa ninaongea wakati yanaimbwa.

Katikati, Dawati akaja akisukumana na watu. Nilijua atanitania. Alitusikiliza kidogo, akamwamkia Shangazi, akakaa sakafuni kwenye miguu yetu. "Endelea," akasema akicheka. "Mbele nilikuwa naona miguu tu. Endelea, Dawati." Kicheko chake kilikuwa kilekile cha zamani. Labda hakikubadilika, simu ndiyo mbaya.

3 Mei, Jumatano

Tumekwenda kwa daktari wa macho. Shangazi alisema mwenyewe, asubuhi, akinisogezea sindano: "Tia uzi. Halafu funga duka, unipeleke."

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema hutolewa, watu wengi wanarudi kuona, ila foleni ni ndefu, na jicho la kulia limechelewa, haahidi.

Nilimtoa Shangazi nje. Kisha akasema, "Miaka yote hii watu wananiuliza, mtoto yuko wapi, mtoto yuko wapi. Kumbe alikuwa jichoni." Akacheka peke yake. Mimi sikuweza. Akanishika bega. "Cheka, mwanangu, si vibaya. Na huyu nikishamtoa, nabaki na wewe."

4 Mei, Alhamisi

Fundi viatu amesikia habari. Hakutania. Ameziba ufa wa kizingiti chetu kwa kipande cha raba, Shangazi asijikwae.

9 Mei, Jumanne

Nimekata suruali mbili na sketi. Yeye anapapasa, mimi naona. Mteja mmoja aliuliza kwa nini mama hakati mwenyewe. Nikafungua mdomo nimjibu, Shangazi akaniwahi: "Macho yangu yako likizo. Haya ya huyu ndiyo yako kazini." Alilisema mbele ya mtu. Mteja akaacha kitambaa chake, akaenda.

Alasiri tulipumzika. "Nisimulie tena," akasema, "pale pazia lilipofunguka." Nimeshamsimulia mara nyingi, na kila mara anataka niongeze kitu. Leo nikakumbuka soksi: mwimbaji aliimba na soksi zilezile, ambazo mchana niliziona zimenasa vipande vidogo vya nyuzi zetu za buluu. Nikasimama nimwonyeshe alivyonyanyua mguu.

Fundi viatu akachungulia kutoka kibarazani. "Redio imepata betri!"

Shangazi akaziba sikio moja. "Taratibu, mwanangu. Mvua imekatika zamani."

Nikasikiliza. Ni kweli, paa lilikuwa kimya. Nikaendelea kusimulia.